Nywila ya maktaba ipelekwe wodini

Mwaka 2011 jarida moja kubwa la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa matokeo yaliyowashtua madaktari wa watoto kila pembe. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Wengine waliwekewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vilivyokuwa vikielekeza. Wengine hawakuharakishiwa maji, wakapewa ya kawaida polepole. Katika saa 48 za mwanzo, walioharakishiwa walikufa kwa kiwango cha karibu asilimia 10.5. Wasioharakishiwa, asilimia 7.3. Tiba iliyodhaniwa inaokoa ilikuwa inaongeza vifo.

Utafiti huo, uitwao FEAST, haukufanyika Boston. Ulifanyika Kilifi ya Kenya, Muheza ya Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda. Waliotundika zile chupa, wakapima mapigo ya moyo na kukesha na wale watoto walikuwa wauguzi wetu, bega kwa bega na madaktari. Shirika la Afya Duniani lilikuja kubadilisha mwongozo wake mwaka 2016, miaka mitano baadaye. (Utafiti haukuwahusu watoto wa kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Hao wana taratibu zao, na asiyesoma mpaka kwenye mstari huo anaweza kuua kwa nia njema kabisa.)

Sasa tuulize: muuguzi aliyeajiriwa mwaka jana katika hospitali ya wilaya, akiwa zamu ya usiku peke yake, anayapataje matokeo ya namna hiyo?

Vikaoni jibu huwa jepesi: wauguzi hawasomi. Hatulikubali. Mtu anayenyimwa ufunguo wa maktaba halaumiwi kwa kutoazima vitabu. Kutafuta ushahidi wa utafiti ni sehemu ya kazi ya uuguzi kama ilivyo kupima presha, na kazi hutengewa muda na vifaa na mwajiri. Presha haipimwi kwa mashine ambayo muuguzi kajinunulia mwenyewe.

Chukua jambo dogo la kila siku, kanula, kile kijibomba cha dripu kinachoachwa mshipani. Wodi nyingi zina desturi ya kuitoa baada ya siku tatu na kuchoma nyingine, hata kama mkono hauna uvimbe wala maumivu. Muuguzi mgeni akiuliza, "Sista, hii mbona haina shida, tunaitoa ya nini?" atajibiwa, "Mdogo wangu, saa 72 zimeisha. Toa." Mgonjwa anachomwa upya, ndugu yake anatumwa dirisha la dawa kununua nyingine, na swali zuri linazikwa palepale.

Swali hilo lilistahili kufuatiliwa. Wanaofundisha kutafuta ushahidi hulivunja vipande vinne: mgonjwa ni nani, unataka kumfanyia nini, badala ya nini, na unatazamia nini kitokee. Hapa ni mtu mzima aliyelazwa. Kumwachia kanula mpaka pawe na sababu ya kuitoa. Badala ya kuitoa kwa ratiba. Je, mshipa utavimba zaidi, au vijidudu vitaingia kwenye damu? Ukiviandika vipande hivyo kwa Kiingereza kwenye PubMed, hazina ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, utafika kwenye utafiti wa Queensland, Australia, uliochapishwa mwaka 2012. Aliyeuongoza, Claire Rickard, ni muuguzi. Wagonjwa 3,283 walishiriki. Waliobadilishiwa kanula kwa ratiba, asilimia 7 walivimba mshipa. Waliosubiri mpaka pawe na sababu, asilimia 7 vilevile.

Anayeishia hapo atamwendea matroni kwa kishindo. Asubiri kidogo. Mwaka 2021 hospitali za chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, zilitoa taarifa yao. Zilipoacha kubadilisha kwa ratiba, maambukizi ya damu yatokanayo na kanula yaliongezeka. Yalikuwa machache, lakini yaliongezeka, na yakashuka ziliporudia utaratibu wa zamani. Hapa ndipo mtafutaji anapotakiwa kuinua macho kutoka kwenye simu na kuitazama wodi yake. Kusubiri sababu maana yake ni kwamba kila zamu kuna mtu anayeangalia kila mkono: umevimba, umekuwa mwekundu, unauma? Wodi iliyojaa hadi wagonjwa wanalala chini, yenye muuguzi mmoja usiku, nani ataangalia? Makala ya Queensland haiwezi kulijibu hilo, wala ya Geneva. Anayeweza ni yule muuguzi mgeni na sista wake, wakikaa pamoja na karatasi zote mbili mezani. Pengine watakubaliana kuiacha ratiba kama ilivyo. Sawa, ila sasa watakuwa wanajua kwa nini.

Na mahali utafiti ulipofanyika pana uzito. Majaribio ya Nepal, Bangladesh na Pakistani yalionyesha kwamba kupaka dawa ya klorheksidini kwenye kitovu cha mtoto mchanga kunapunguza vifo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaozaliwa nyumbani katika maeneo yenye vifo vingi vya wachanga. Kisha dawa hiyohiyo ikajaribiwa Pemba, kwa watoto zaidi ya 36,000, kati ya 2011 na 2014. Waliopakwa walikufa 10.5 kwa kila 1,000, walioachiwa kitovu kikavu 11.7. Tofauti ndogo kiasi hicho inaweza kuwa bahati tu. Zambia nayo ikapata majibu ya aina hiyo, na taarifa zote mbili zikatoka mwaka 2016. Mwongozo wa shirika hilo wa 2022 umerudi kwenye kitovu safi na kikavu, na klorheksidini ikabaki kwa sehemu ambako watu wamezoea kupaka vitu vya hatari kama kinyesi cha mifugo. Kwa hiyo mkunga wa kliniki hana budi kujua akina mama wa kijiji chake wanapaka nini kitovuni, na hilo atalipata kwa kuwauliza. Taarifa ya Pemba yenyewe imo katika jarida lisilolipisha msomaji, Lancet Global Health. Mkunga wa Wete anaweza kuisoma leo, gharama yake ikiwa bando tu.

Si zote zilizo wazi hivyo. Majarida mengi hulipisha, na bei ya makala moja haifanani na mshahara wa muuguzi. Ndiyo maana Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha Hinari, mpango unaozifungulia taasisi za nchi maskini maelfu ya majarida na vitabu vya afya, bure au kwa ada ndogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake hazilipi. Ila anayesajiliwa ni taasisi, na nywila hupewa taasisi. Na nywila hizo, tunavyozijua ofisi zetu, zina tabia ya kukaa kwenye droo ya mtu mmoja ambaye yuko safari.

Mkutubi naye amesahaulika. Hospitali itaajiri mtu wa kulinda jenereta kabla ya kumwajiri anayejua kuchambua majibu 900 ya PubMed yakabaki sita yanayofaa. Asipokuwepo huyo, mahali pazuri pa kuanzia ni Cochrane, mtandao wa watafiti ulioanzishwa 1993. Wao hukusanya majaribio yote ya swali moja, huyapima ubora, kisha huandika muhtasari wa lugha nyepesi unaosomwa bure. Akiba hiyo ni bora mara mia kuliko kurasa za kwanza za Google, na bora zaidi kuliko kuiuliza programu ya akili mnemba na kuinakili ilivyojibu. Programu hizo zinaweza kutunga jina la makala, mwandishi na mwaka bila haya. Programu ikikupa makala, itafute makala hiyo PubMed. Usipoiona huko, usiipeleke wodini.

Tunachodai hakihitaji wafadhili wapya. Kila hospitali iliyosajiliwa Hinari iifikishe nywila kwa muuguzi kiongozi wa kila wodi kwa utaratibu unaoruhusiwa, na ambayo haijasajiliwa ijisajili. Kila wodi itengewe saa moja kwa wiki, ndani ya zamu na si baada yake, ya kushika swali moja na kulifuatilia hadi mwisho. Tanzania na Kenya tayari zinawataka wauguzi wajiendeleze kimasomo ili wahuishe leseni. Basi swali lililotafutwa vizuri na kujadiliwa wodini lihesabiwe katika mafunzo hayo, sawa na semina ya hotelini yenye chai na posho. Tunajua semina ina wapenzi wengi zaidi.

Wakubwa wa wodi nao wana lao. Muuguzi mdogo akileta karatasi inayopingana na desturi, asionekane mjuaji wala mkaidi. Aulizwe ameipata wapi, wagonjwa walikuwa wangapi, walifanana na wetu? Karatasi ikiwa dhaifu itaanguka kwa maswali hayo matatu, bila mtu kupandisha sauti.

Deni kubwa kuliko yote wanalo watafiti. Wanakuja na fomu za ridhaa kwa Kiswahili kizuri, wanachukua damu, takwimu na usiku wa wauguzi wetu, kisha matokeo wanayachapisha kwa Kiingereza mbali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti wa aina hii Tanzania Bara. Zanzibar, Kenya na Uganda zina vyombo vyao. Vyombo hivyo vyote viweke sharti moja: utafiti hauhesabiki umekamilika mpaka kila wodi iliyoshiriki ipelekewe ukurasa mmoja wa Kiswahili, au lugha inayosomwa pale, unaosema tuliuliza nini, tumeona nini, na kipi kibadilike au kisibadilike katika kazi ya kesho. Ubandikwe kando ya ratiba ya zamu, na jina na namba ya simu ya mtafiti viwe chini yake, ili sista akiwa na swali ampigie.