Mashauri ya Nyumbani: Shule na Nyumba ya Kupanga Ugenini



Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja, mwalimu wa huku Ngulyati, naye aomba shauri. Mkewe ni muuguzi, naye amepata kazi katika hospitali moja ya Uingereza. Wana watoto wawili. Binti ana miaka 16, yuko kidato cha nne. Mdogo wake ni kijana wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Mwalimu aandika hivi: "Tumesikia habari ya nyumba ya kodi nafuu, nayo yatupendeza. Je, tuishike nyumba kwanza, na shule tuitafute tukiisha kufika?"

Tumeona vema kumjibu hapa mbele ya wote, maana si yeye peke yake mwenye swali hili. Jibu letu ni hili: msiishike nyumba kabla ya kujua habari ya shule. Katika nchi ile nyumba na shule si mambo mawili, ni jambo moja. Shule nyingi zikijaa watoto, hutazama mtoto akaa wapi, na aliye karibu humtangulia aliye mbali. Basi mwenye kuchagua nyumba amekwisha kuchagua shule, ajapokuwa hajui.

Sisi watu wa Usukuma habari ya kuhama twaijua sana. Wazee wetu na ndugu zetu wamehama na ng'ombe mpaka Geita, mpaka Katavi, mpaka bonde la Kilombero. Lakini hakuna mwenye akili aliyeliondoa kundi zima kabla ya kumtuma mtu aende kutazama maji na malisho. Majani mazuri yasiyo na maji karibu yataua ng'ombe. Vivyo hivyo nyumba rahisi isiyo na shule karibu itamdhuru mtoto. Haya tuyasemayo ni ya sehemu ya Uingereza iitwayo England. Scotland na Wales zina taratibu zao.

JAMBO LA KWANZA: UMRI WA MTOTO. Huku kwetu mtoto huhesabiwa kwa kidato alichofika. Kule huhesabiwa kwa umri wake. Mwaka wa shule huanza Septemba, na mtoto aliyetimiza miaka 14 kufikia tarehe 31 Agosti huingia darasa liitwalo Mwaka wa 10. Huo ndio mwanzo wa masomo ya miaka miwili ya mtihani uitwao GCSE, ambao hufanywa mwezi Mei na Juni wa Mwaka wa 11. Mtihani huo ni mlango wa masomo ya juu na wa kazi nyingi.

Basi kijana wa mwalimu wetu yuko mahali pema, kama akifika kwa wakati. Akianza Septemba, ataanza pamoja na wenzake. Akichelewa mpaka Januari au Aprili, atakuta wenzake wamekwisha kusoma sehemu kubwa ya masomo, tena kwa vitabu asivyovijua. Akifika mwaka mmoja baadaye, ataingia Mwaka wa 11 na mtihani u mlangoni. Ni kweli kwamba akiondoka katikati ya mwaka ataukosa mtihani wa kidato cha pili wa mwezi Novemba. Twaona ni afadhali aukose huo kuliko kuukosa mwanzo wa ule.

Habari ya binti ni nyingine. Yeye kwa umri wake amekwisha kulipita darasa la GCSE. Akiondolewa sasa, atapoteza mtihani wa kidato cha nne alioutumikia miaka minne, naye hatapata mwingine mahali pake upesi. Shauri letu ni kwamba akae kwa bibi yake mpaka amalize mtihani mwezi Novemba, kisha awafuate wazazi wake. Kule, vijana wa miaka 16 mpaka 18 yawapasa kuendelea na masomo au mafunzo ya kazi, nao huenda shule za kidato cha juu au vyuo. Asiyekuwa na GCSE ya Kiingereza na hesabu huendelea kusoma hayo mawili pamoja na masomo yake mengine. Aombe chuo mapema, kwa kuwa masomo mengi huanza Septemba. Lakini wazazi waangalie sana jambo hili: ombi lake la kuingia nchini kama mtoto wa familia lipelekwe kabla hajatimiza miaka 18. Siku moja ya kuchelewa yaweza kuvunja safari yote.

Twajua kwamba kumwacha binti nyuma ni uchungu kwa mama. Lakini miezi michache ya kutengana si kitu mbele ya cheti cha maisha yake yote.

JAMBO LA PILI: MJI. Hapa wengi hukosea, kwa sababu jina la London limewajaa masikioni. Muuguzi wa hospitali za serikali hulipwa kwa daraja moja katika England nzima, na wa London na kandokando yake huongezewa kidogo. Lakini kodi ya nyumba haifuati daraja hilo. Kodi za London zinapita sana kodi za miji ya kaskazini kama Hull, Sunderland au Bradford, wala nyongeza ya mshahara mara nyingi haitoshi kuziba pengo hilo kwa nyumba yenye watoto. Basi mwenye kuitwa na hospitali mbili asitazame mshahara tu. Aandike kwenye karatasi mshahara upande mmoja, na kodi ya nyumba ya vyumba vitatu upande wa pili, ndipo achague.

JAMBO LA TATU: SHULE. Mji ukiisha kujulikana, msianze kwa mwenye nyumba. Anzeni kwa halmashauri ya mji ule. Ombeni wawaambie ni shule zipi zenye nafasi katika Mwaka wa 10. Ni kazi yao kuwajibu mzazi aulizapo. Tena ulizeni mwaka uliopita mtoto wa mwisho aliyepokewa kwa umbali alikaa mbali kiasi gani na shule. Neno hilo moja litawaonyesha ni mitaa ipi ya kutafuta nyumba na ni mitaa ipi ya kuiacha.

Shule za serikali hazitozi ada ya masomo, lakini sare, chakula na nauli vyaweza kuwa juu ya mzazi. Zipo pia shule chache za serikali zichaguazo watoto kwa mtihani, nazo ni nyingi zaidi katika majimbo kama Kent na Buckinghamshire, mgeni asizitegemee. Zipo shule za makanisa, na nyingine katika hizo zikijaa hutanguliza watoto waliobatizwa au ambao wazazi wao huhudhuria ibada. Kwa hiyo chukueni cheti cha ubatizo na barua ya mchungaji pamoja na cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na kadi ya chanjo.

Kuna ofisi ya ukaguzi wa shule iitwayo Ofsted. Zamani ilikuwa ikiipa kila shule ya serikali neno moja la sifa au la lawama. Desturi hiyo iliachwa Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 shule hupewa taarifa yenye sehemu nyingi. Isomeni yote. Tazameni hasa habari ya mwenendo wa watoto na ya msaada kwa wasiozaliwa na Kiingereza. Kijana wetu amesoma Kiingereza, lakini kukisoma darasani Ngulyati na kukisikia kwa watoto wa Bradford ni mambo mawili. Shule iliyozoea wageni ni bora kuliko shule yenye sifa kubwa isiyojua kumpokea.

Kama shule mliyoiomba ikiwakatalia, msikae kimya. Mzazi ana haki ya kukata rufani mbele ya baraza lisilo la shule ile. Na wakati rufani ikingojewa, mtoto aingie shule nyingine yenye nafasi, asikae nyumbani.

JAMBO LA NNE: NYUMBA. Sasa ndipo nyumba itafutwe, katika mitaa iliyo karibu na shule ile, na yenye basi la kwenda hospitali. Mkiulizwa kodi ni kiasi gani, msiishie hapo. Kule mpangaji hulipa pia kodi ya halmashauri, maji, umeme na gesi ya kupashia nyumba moto wakati wa baridi. Nyumba yenye kodi ndogo na madirisha mabovu yaweza kula fedha nyingi kwa gesi kuliko nyumba yenye kodi kubwa kidogo. Nauli nayo ihesabiwe. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa zaidi ya maili 3 (karibu kilomita 5) kutoka shule iliyo karibu inayomfaa, halmashauri humpa usafiri bure. Lakini mzazi akiiacha shule hiyo akachagua ya mbali, nauli huwa juu yake.

Juu ya malipo ya kwanza, sheria ya mwaka 2019 yaweka mpaka. Dhamana isizidi kodi ya majuma 5, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000. Twatoa mfano: kodi ikiwa pauni 1,040 kwa mwezi, ni pauni 240 kwa juma, basi dhamana haiwezi kupita pauni 1,200. Fedha hiyo si mali ya mwenye nyumba. Yampasa kuiweka chini ya ulinzi uliokubaliwa na serikali katika siku 30, na kuwaambia ni wapi. Zamani wageni walidaiwa kodi ya miezi sita kwa mara moja. Sheria mpya ya mwaka 2025, iliyopangiwa kuanza 1 Mei 2026, yakataza kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele, na pia yakataza kupokea kodi iliyopita ile iliyotangazwa.

Mwenye nyumba atataka kuona ruhusa ya kukaa nchini ya kila mtu mzima. Hilo ni agizo la sheria, msilione kuwa ni dharau. Lakini mtu akiwaambia tumeni fedha kutoka Bariadi ili awashikie nyumba msiyoiona, jueni kwamba huenda ni mwizi. Msitume hata senti.

JAMBO LA TANO: NANI ATANGULIE. Mama ndiye mwenye kazi. Basi yeye atangulie peke yake, akae katika chumba cha kupanga, aanze kazi. Miezi miwili au mitatu itamtosha kuona mitaa kwa macho yake, jioni na asubuhi, na kuuliza waliotangulia. Kisha apange nyumba, ndipo baba na kijana wamfuate. Halmashauri nyingi hazishiki ombi la shule mpaka mtoto afike na anwani yake ijulikane. Tena shule hufungwa mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba, na ofisi nyingi za shule hukosa watu. Kwa hiyo kijana afike mapema mwezi Julai, asingoje Agosti. Binti afuate baada ya mtihani wake.

Kabla hatujafunga, neno moja kwa wengine wanaosoma. Habari hizi ni za muuguzi aliyesajiliwa. Walezi wa wazee na wagonjwa hawaruhusiwi kupeleka mume, mke wala watoto tangu Machi 2024, na mlango wa kuwaajiri kutoka nchi za nje ulifungwa Julai 2025. Mtu akija kijijini kuuza nafasi za kazi hiyo, msiuze ng'ombe wala shamba la pamba kwa maneno yake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndugu mwalimu, haya ndiyo mashauri yetu. Kaeni na mama watoto, na watoto nao wasikie, maana ni maisha yao. Chukueni karatasi, andikeni umri wa kila mmoja, mwezi wa kuondoka, na fedha iliyopo. Mkiona hesabu haitimii mwaka huu, si aibu kungoja. Aliyetazama maji kwanza hakuchelewa. Ndiye aliyelifikisha kundi zima.

Salamu zetu kwa bibi yake binti, ambaye atabeba mzigo wa miezi hiyo. Mwambieni tumemkumbuka.