Pengo la mjini na mashambani: sisi waunda programu pia tunahusika

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa... kazi imenibana, na stima hapa Landless nayo imekuwa na mambo yake. Leo siandiki kuhusu lugha za kuprogramu wala simu mpya. Kuna jambo limekuwa likinikera. Kila tunapozungumza kuhusu kupunguza pengo la hali ya maisha kati ya mjini na mashambani, macho yote yanaelekea serikalini: barabara, stima, zahanati, maji. Sisi tunaounda programu tunajihesabu kuwa upande wa dawa, si wa ugonjwa. Mimi nimegundua, kwa aibu, kwamba niliwahi kulipanua pengo hilo kwa mikono yangu mwenyewe. Na nikalipwa.

Kwa wasiopajua, Landless iko Thika, ukishapita Makongeni kwenye barabara ya Garissa. Jina maana yake ni watu wasio na ardhi, ingawa siku hizi ukitembea hapa ni mabango ya ploti zinazouzwa na gorofa zinazoota kama uyoga. Ni mahali pazuri pa kufikiria jambo hili kwa sababu mji unaishia hapa hapa. Mimi nina intaneti ya kutosha kufanya kazi ya mtu aliye Ulaya. Fuata barabara hiyo hiyo kuelekea Ngoliba na Kilimambogo, utakutana na watu ambao simu yao ni kabambe, na bando ni kitu cha kununua siku mtoto akidai.

Takwimu zipo. Utafiti wa KNBS wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 40.1 ya watu wa mashambani walikuwa chini ya mstari wa umaskini, wakati katika miji yenyewe ilikuwa asilimia 29.4. Sensa ya 2019 nayo ilihesabu waliotumia intaneti: mijini asilimia 42.5, mashambani 13.7. Utasema hizo ni za zamani. Sawa. Lakini 2019 sisi tulikuwa tayari tunaunda programu ambazo hazifunguki bila simu janja, na hakuna aliyetuuliza zile 13.7 tumeziweka wapi.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka wa 2021 chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka hapa, kiliniita "niwafanyie mambo ya kisasa". (Jina la chama nalihifadhi, maana bado ni wateja wangu na kosa kubwa lilikuwa langu.) Walikuwa na wanachama kama 400. Kila mtu akipeleka maziwa, karani anapima, anaingiza kilo kwenye mashine, na mwanachama anapata ujumbe mfupi: leo asubuhi kilo 7.6. Jioni tena hivyo hivyo.

Nikaangalia gharama. Ujumbe mbili kwa siku, watu 400, siku 30, hizo ni jumbe 24,000. Kwa senti 80 kila mmoja ni shilingi 19,200 kwa mwezi. Nikawaambia kamati: hii ni hasara, niwatengenezee programu ya simu, kila mtu ataona kilo zake bure, na grafu juu. Kamati ikapiga makofi. Nilizima zile jumbe nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki, kikombe cha chai mkononi.

Baada ya miezi miwili nilikwenda kuangalia mambo yanavyoendelea. Waliokuwa wamefungua programu hata mara moja walikuwa 61. Nje ya kituo nikakutana na mama mmoja mzee mwenye ng'ombe mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, shosho." Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, ni wewe uliyeleta hiyo simu? Maziwa yangu siku hizi hayana uzito."

Nilidhani ni malalamiko ya kawaida, mambo ya kiangazi. Lakini usiku nikafungua data, na hapo ndipo usingizi uliponiruka. Zamani uzani uliishia na tarakimu zozote: 7.6, 5.3, 8.8, kama inavyotakiwa, maana ng'ombe hajui kutoa kilo kamili. Tangu nizime jumbe, wale 61 waliendelea hivyo hivyo. Wale wengine, karibu wote, kilo zao zilianza kuishia na sifuri. 7.0. 5.0. 8.0. Kila siku, asubuhi na jioni. Maziwa yote yalikuwa yakimiminwa kwenye mtungi, ila nukta ilikuwa ikibaki kwa mtu mwingine.

Hebu tupige hesabu. Chukua karibu nusu kilo asubuhi na karibu nusu kilo jioni, kwa shilingi 45 kilo moja. Hiyo ni kama shilingi 1,350 kwa mwezi. Kwangu mimi hiyo ni intaneti ya majuma mawili. Serikali kupitia Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Yaani mimi, kwa kubofya mara moja, nilifungua mlango ambao ulimnyang'anya shosho zaidi ya nusu ya kile ambacho taifa zima limekubaliana kumpa mtu wa umri wake. Sikuiba. Niliondoa tu shahidi.

Ndiyo maana nasema ule ujumbe mfupi haukuwa mapambo. Ulikuwa risiti. Mtu wa mjini akipunjwa dukani ana risiti, ana duka lingine hapo mkabala. Mtu wa kijijini ana kituo kimoja cha maziwa na karani mmoja anayemjua mpaka watoto wake.

Angalieni pia kilichofaulu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikudai simu ya bei. Ilikaa ndani ya laini yenyewe, ikafanya kazi kwenye simu yoyote, na wakala akawa mwenye duka ambaye watu walikuwa wanamkopa sukari. Kabla ya hapo pesa za nyumbani tulizifunga kwenye bahasha tukampa dereva wa matatu na kuomba Mungu. Tavneet Suri na William Jack walichapisha utafiti mwaka wa 2016 wakikadiria kwamba huduma hiyo iliwatoa kwenye umaskini uliokithiri kaya 194,000 hivi, kama asilimia 2 ya kaya za Kenya, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Hata SHA ilipoanza Oktoba 2024, mtu aliweza kujisajili kwa *147# bila intaneti. Hiyo ni sifa, nami naitoa.

Kuna atakayeniambia kwamba ujumbe mfupi haujengi zahanati. Kweli kabisa. Mbolea ya ruzuku ni mfano mzuri: mkulima alipata ujumbe kwenye kabambe yake, bei ikashushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko mwaka wa 2023, lakini mfuko wenyewe ulikuwa kwenye ghala la NCPB, na wakulima wengi walilalamika kwamba nauli ya kuufuata ilimeza ile ruzuku. Programu haibebi gunia. Barabara na ghala vitabaki kuwa barabara na ghala. Ila hiyo si ruhusa kwangu kuharibu kile kidogo ninachokigusa, halafu nisingizie barabara.

Siku hizi nina kanuni moja: sianzi kazi ya watu wa mashambani kabla ya kuijaribu kwenye kabambe ya shilingi 1,500 niliyoinunua pale mjini Thika. Skrini yake ni ndogo, herufi 160 na umemaliza. Vijana wananicheka. Wenzangu wanasema hiyo ni teknolojia ya jana, na hakuna mteja atakayevutiwa nayo. Labda.

Kule kwenye chama nilirudisha jumbe baada ya siku tatu, mwezi wa kwanza kwa pesa zangu. Juma lile lile tarakimu zikarudi: 7.4, 5.9, 8.2. Karani hakuulizwa lolote, na hilo bado linanisumbua. Sasa mweka hazina mpya ameingia, amepitia vitabu, na ameona ile 19,200. Ameniandikia kuuliza kama hakuna njia ya kisasa zaidi. Kamati inakutana Jumamosi. Nitapanda matatu ya asubuhi, na nimechapisha zile sifuri zote kwenye karatasi, kurasa kumi na moja, kwa sababu nusu ya kamati haina simu ya kufungulia faili.