Bwana Shamba Asema: Fedha za Maafa, Orodha Iwe Moja



Mwezi huu tuzungumze juu ya kimbunga. Huenda mtauliza: "Bwana Shamba, sisi wa Mlangali tuko milimani. Kimbunga kinatuhusu nini?" Kinatuhusu. Someni mpaka mwisho.

Kimbunga ni upepo mkali sana unaozunguka. Huanzia baharini na huja na mvua kubwa. Watu wa visiwani hupata shida zaidi, kwa sababu msaada lazima uvuke maji.

Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kilipiga Unguja. Mikarafuu mingi iling'oka. Mkarafuu mpya hukaa miaka kama 7 ndipo uanze kuzaa. Mwezi Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazidja, katika visiwa vya Komoro. Migomba ilianguka na nyumba ziliezuliwa. Tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kisiwa chetu wenyewe.

Mtu aliyepatwa na maafa anahitaji vitu vingi. Huyu anataka bati, yule anataka unga, mwingine anataka mbegu. Ukiwapa wote blanketi, mwenye blanketi ataliuza kwa bei ya hasara ili anunue unga. Kwa hiyo siku hizi mashirika mengi ya msaada hutoa fedha. Kila mtu ananunua anachohitaji, na mwenye duka wa kijijini naye anauza.

Lakini fedha haziliwi. Dukani lazima kuwe na vitu. Wakati wa Hidaya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwa mafuriko. Mahali kama hapo, ukigawa fedha kabla ya bidhaa kufika, bei hupanda. Fedha ni nyingi, unga ni mchache. Hapo chakula kitangulie, fedha zifuate. Kwa hiyo kwanza waulizeni wenye maduka: mna nini, na mzigo mwingine utafika lini?

Jambo la pili ni orodha. Tuseme mashirika matatu yamefika kijiji kimoja. Kila moja linaandika majina yake na kutoa kiasi chake. Itakuwaje? Mtu anayekaa karibu na barabara ataandikwa mara tatu. Mama mjane anayekaa bondeni hataandikwa hata mara moja. Huyu amepewa kingi, yule kidogo. Majirani watagombana, na ugomvi utabaki baada ya wageni kuondoka.

Dawa yake ni hii. Orodha iwe moja. Kiasi kiwe kimoja kwa wenye hali moja. Majina yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, na kila mtu aruhusiwe kusema: "Huyu hakupatwa," au "Fulani amesahauliwa." Jambo hili si geni. Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, majina yalipelekwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Sasa turudi Mlangali. Kwetu upepo huezua nyumba. Mvua ya mawe huvunja mahindi na huangusha parachichi changa. Siku ya maafa si siku ya kuanza kutafuta daftari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Ulizeni katika mkutano: kamati yetu ni akina nani? Daftari la kaya liko wapi? Wajane, wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa wameandikwa?

Na wewe uliyejifunza kusoma, una kazi. Orodha ikibandikwa ofisini, isome yote. Usitafute jina lako tu. Tafuta pia jina la jirani yako asiyejua kusoma. Lisipokuwamo, sema siku hiyo hiyo. Fedha zikishagawanywa, ni vigumu kuzirudisha.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini fedha peke yake hazitoshi?
2. Orodha tatu katika kijiji kimoja zinaleta hasara gani?
3. Katika kitongoji chenu, ni nani anayeweza kusahauliwa?

Wasalaam,
Bwana Shamba wenu, Mlangali.