WhatsApp mu kazi: inatusaidia, inatuponza pia

Zamani, kama kampuni inakata prime, habari ilikuwa inakamata siku tatu kufika kwa kila mutu, na ekipe ya usiku ilikuwa inasikia ya mwisho. Leo mutu mmoja anapiga picha karatasi yake ya mushahara, saa moja haijaisha wote wako wanalinganisha hesabu. Na mwenye hajui kuandika anatuma sauti. Kwa sisi watu wa sindika, ile ni faida kubwa, hatuwezi kuikana.

Lakini tuseme kweli yote. Siku moja mu cité yetu, picha ya mutu aliyefunikwa na udongo ilizunguka mu grupe. Mama mmoja akaanguka chini, akafikiri ni bwana wake. Bwana alikuwa chini ya udongo kazini, telefone aliiacha ku vestiaire. Mangaribi alirudi muzima, akakuta watu wamekaa matanga. Picha ilikuwa ya zamani, hata haikuwa ya hapa.

Tunajua aksida ni nini. Mu Juni 2019 mashimo yaliporomoka hapa Kolwezi, makumi ya ndugu zetu walikufa. Siku kama ile familia inangoja jina la kweli, haingoje picha.

Kuna na sheria. Code du travail ya 2002 inamulinda delege: kampuni haiwezi kumufukuza bila inspekteri wa kazi kukubali. Lakini ulinzi ule hauko wa kila mutu anayeandika mu grupe. Ni kweli, tangu 2016 WhatsApp inafunga ujumbe njiani, mutu wa inje hausome. Lakini mu grupe ya watu 300, mmoja tu akipiga capture, maneno yako inafika ku biro ya wakubwa mbele ya wewe kufika kazini. Tena Code du numérique ya 2023 inaazibu mwenye kuanzisha habari ya uongo juu ya mutu, na mwenye kuipitisha pia. Kusema « nilitransfere tu » hakutakuokoa.

Na tusisahau: kisha uchaguzi wa 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu majuma matatu. Sindika yenye kuishi mu telefone tu, wakati kama ule inakufa.

Basi wandugu na ba mama, tushikamane kwa mambo haya. Aksida ikitokea, hakuna picha wala jina mu grupe mbele delege hajafika kwa familia. Sauti isiyo na mwenyewe, tusiipitishe. Na madai ya prime tuyazungumuze mu mukutano, tuyaandike, tutie saini. Grupe ituite tu ku mukutano. Kelele ya mu telefone, kampuni inaweza kunyamaza; barua yenye saini ya delege, inapashwa kuijibu.