Ngomeni Kabla ya Taifa-1

Aprili 2023, setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka Vandenberg, California. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila kwa mtu wa Malindi habari hiyo ina kichekesho chake: hapo Ngomeni, kaskazini ya mji, setilaiti zilianza kurushwa mwaka 1967.

Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma katika Ghuba ya Ungwana. Hawakufuata ufuo wala upepo. Ghuba hiyo iko karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu, vipande vyake vikidondoka havimwangukii mtu. Kwa Scout, roketi ndogo ya Kimarekani waliyoitumia, msaada huo haukuwa mdogo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, ilipaa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za anga za juu. Ikaitwa Uhuru. Angahewa huzuia eksirei zisitufikie, hivyo kabla yake wanasayansi walitegemea roketi za kupanda na kushuka, wakachungulia dakika chache basi. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Vipimo vyake vya chanzo kimoja, Cygnus X-1, vilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi si hesabu za karatasini tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sisi tulipata jina. Ndiyo, nasema kwa ukali, na msomaji aniwie radhi. Setilaiti ya mwisho iliondoka Ngomeni mwaka 1988. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaundwa 2017, nusu karne baada ya setilaiti ya kwanza kurushwa Ngomeni.

Kwa hiyo toleo hili halishabikii sana ndoto ya kurudisha roketi pwani, ingawa wanasiasa wanaipenda. Uzito wa Taifa-1 ni kwamba ilibuniwa na wahandisi wa Kenya, hata kama ilitengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria na kupandishwa na roketi ya Marekani. Siku utakapojadiliwa mkataba mwingine wa Ngomeni, kwanza tuulize ni vijana wangapi wetu watakaokaa kwenye chumba cha kuongozea roketi, na kwa kazi gani. Kodi ya eneo tuizungumze baadaye.