Urefu wa Mwanza Upo Milimani

Yapo mashindano kando ya Ziwa Victoria ambayo hayana refa wala kombe, nayo hayaishi. Watu wa Kampala, Kisumu na Mwanza hushindana kwa picha za miji yao. Huyu hutoa picha ya maghorofa yaliyosongamana juu ya kilima cha Nakasero. Yule hujibu kwa picha ya Kisumu iliyopigwa jioni, maji ya Ghuba ya Winam yakimeta. Ndugu zetu wa Mwanza nao huleta Jiwe la Bismarck na majumba machache marefu nyuma yake, kisha huapa kwamba baada ya miaka kumi hakuna mji wa ziwani utakaoifikia Mwanza. Maneno haya twayasikia vijiweni, melini, katika mabasi yaendayo Sirari na Mutukula, na hata maofisini saa za kazi, jambo ambalo hatulisifu.

Mtu kuupenda mji wake si kosa. Asiyeupenda hataufagia. Ila twaona kwamba wenzetu wamechukua kipimo kisichofaa, na kipimo kibaya kikitumiwa kwa muda mrefu huzaa uamuzi mbaya. Leo ni maneno ya kijiweni, kesho ni hoja katika baraza la madiwani, na keshokutwa ni nyumba za watu kupakwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Tukianza na kuhesabu ghorofa, Kampala imekwisha kushinda, na hapana haja ya kugombana. Kampala ni mji mkuu. Wizara, mabalozi, mabenki makuu na chuo kikuu kikongwe vyote vimekusanyika huko, na fedha za taifa zima hupita pale kabla ya kwenda penginepo. Kuilinganisha Mwanza na Kampala kwa maghorofa ni kumlinganisha karani wa mkoa na waziri, kisha kumlaumu karani kwa kuwa gari lake ni dogo.

Mwenzake Mwanza hasa ni Kisumu. Yote miwili ni miji ya bandari iliyokuzwa na reli, na yote miwili huishi mbali na Serikali zao kuu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati mahali hapo palikuwa bado pakihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka uliofuata ndipo palipohamishiwa upande wa Kenya. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Mwanza mwaka 1892, lakini reli kutoka Tabora haikufika mpaka 1928. Katika miaka hiyo 27 ya katikati, mizigo ya Usukuma ilivushwa ziwa hadi Kisumu, ikapanda gari la moshi kwenda Mombasa. Basi mtu wa Kisumu anapotuonyesha maghala yake ya zamani, tumkumbushe kwa upole kwamba sehemu ya mizigo iliyoyajaza ilitoka kwetu.

Lakini twarudi kwenye maghorofa yenyewe, maana yapo maswali mawili ambayo mfanyakazi yampasa ayaulize kila aonapo ghorofa mpya: limejengwa kwa fedha za nani, na limejengwa kwa mikono ya nani?

Kampala katika Barabara ya Pilkington lipo jengo liitwalo Workers House, yaani Nyumba ya Wafanyakazi, nalo ni mali ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda. Mwanza, Rock City Mall lilijengwa na mfuko wa pensheni wa LAPF kwa ubia na halmashauri za Mwanza na Ilemela, kabla mfuko huo haujaunganishwa na mingine kuwa PSSSF mwaka 2018. Kabla ya mifuko hiyo, kanda hii iliwahi kuona fedha za jasho zikikusanywa kwa namna nyingine: wakulima wa pamba waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, makao yake Mwanza, na vinu vya kuchambulia pamba vikawa mali ya mkulima mwenyewe. Maghorofa mengi tunayobishania, basi, yametokana na makato ya mshahara wa mwalimu, nesi na karani wa halmashauri. Mwenye akiba anayo haki ya kujua kama vyumba vina wapangaji na kama kodi inarudi mfukoni. Picha nzuri hailipi pensheni.

Na mikono? Oktoba 2008 kuta za shimo la msingi wa jengo jingine la mfuko huohuo wa Uganda, katika Barabara ya Lumumba, ziliporomoka zikawafunika vibarua, na kadhaa wakafa. Kwetu Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, na wafanyabiashara na wateja wao wakafukiwa mchana kweupe. Wale wanaotaka Mwanza ikimbie ili ifikie idadi ya ghorofa za mji fulani wayakumbuke majina ya mitaa hiyo. Nondo hazijui mashindano.

Sasa tuseme lile lililotufanya tushike kalamu.

Mgeni anayefika Mwanza asubuhi kwa meli kutoka Bukoba haoni kwanza mabenki wala hoteli. Huona mawe makubwa yaliyopandana, na kati ya mawe, kuanzia chini hadi kileleni, nyumba. Ni nyumba ndogo, maelfu kwa maelfu, za matofali na mabati, zimeng'ang'ania mwamba kama konokono. Ukifika usiku utaona taa zake zimepanda mpaka zikaungana na nyota, na hutajua mji umekoma wapi. Igogo, Bugarika, Mabatini, Kilimahewa: hiyo ndiyo sura ya Mwanza mbele ya mbingu. Na waliojenga sura hiyo ni makuli wa bandari, watu wa reli, wafanyakazi wa vinu vya pamba na wa kiwanda cha nguo, mama lishe, wavuvi, na vijana wa viwanda vya minofu ya sangara. Hawakuwa na mchoraji wala mkandarasi.

Ilikuwaje wakakaa juu? Mkoloni alipogawa mji alichukua tambarare iliyo karibu na bandari kwa ofisi na maduka, akachukua Capri Point na Isamilo kwa ajili ya upepo wa jioni, na miteremko ya mawe akaiacha kwa kuwa haikupimika kwa urahisi. Mfanyakazi alitafuta mahali pa kulala palipo karibu na kazi, ambapo hakuna mtu angemfukuza. Akapanda.

Huko Kampala mambo yalikuwa kinyume. Vilima vilikamatwa na wakubwa: Mengo kwa Kabaka, Namirembe kwa Waanglikana, Rubaga kwa Wakatoliki, Kibuli kwa Waislamu, Nakasero kwa Serikali, Kololo kwa wenye mali. Mfanyakazi alisukumwa mabondeni, Bwaise na Katanga, ambako mvua ikinyesha maji ya vilima vyote huja kulala chumbani kwake. Kisumu nayo ni tambarare, kwa hiyo waliokosa nafasi mjini waliuzunguka mji kama ukanda: Nyalenda, Manyatta, Obunga. Maji ya ardhini huko yako karibu, na kisima na choo hujikuta ni majirani. Nao mtaa wa wenye nafasi huitwa Milimani. Mtu akiipiga picha Kampala au Kisumu kwa mbali, nyumba ya mfanyakazi haionekani. Mwanza haiwezekani kuificha. Sisi twahesabu kwamba hiyo ni heshima kwa mji, ingawa wapo wanaoiona kuwa aibu.

Twajua wanaloliwaza hao. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na msafiri wa Geita hangoji tena kivuko. Reli ya kisasa kutoka Isaka, kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021. Meli mpya, MV Mwanza, iliyotengenezwa ichukue abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Haya yote ni mema, na jasho la wananchi limo ndani yake. Lakini njia zikifunguka, bei ya ardhi hupanda, na kilima chenye kuona ziwa lote ni mali ambayo mwenye hoteli atailipia fedha nyingi. Yule ambaye babu yake alipanda mwambani kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepataka, kesho ataambiwa ametia doa mandhari ya mji.

Kwa sababu hiyo twasema hati kwanza, ghorofa baadaye. Kazi ya urasimishaji wa makazi ilikwisha anzishwa Nyamagana na Ilemela, na mitaa mingi ya milimani ilipimwa. Iendelezwe hata nyumba ya mwisho ya kilimani ipate hati yake. Mwenye hati akitaka kuuza, auze kwa bei ya haki akiwa amekaa mezani. Asiye nayo huuziwa na wengine. Zipo nyumba chache zilizo chini ya mawe yanayotishia kushuka nyakati za masika, na hizo hatutetei zibaki. Wenyewe wahamishwe na kupewa kiwanja kabla ya kubomolewa, wala wasipewe karatasi ya ahadi.

Halafu maji. Hakuna jambo linalotukera kama kumwona mama wa Mabatini akinunua ndoo ya maji huku amesimama mahali ambapo ziwa lote, kubwa kuliko yote Afrika, limetandazwa chini ya macho yake. Mtambo wa Capri Point umefanya kazi kubwa, na chanzo kipya cha Butimba kimejengwa kitoe lita milioni 48 kwa siku. Shida ni mlima. Maji hayapandi kwa hotuba. Yahitaji pampu, tangi la juu na umeme wa kuisukuma pampu hiyo usiku na mchana. Mamlaka ya maji imekwisha kuonyesha kwamba mwamba si udhuru, maana imelaza mabomba membamba ya majitaka kati ya nyumba za milimani ambako gari la kunyonya vyoo halikuweza kufika. Kama uchafu umepata njia ya kushuka, maji safi nayo yapatiwe njia ya kupanda.

Tena wapo wanaogonga kokoto. Hatumlaumu mama anayekaa juani na nyundo, kwa kuwa ni kazi halali na watoto hula kwayo. Lakini kokoto hizo ndizo zinazokwenda kumwagwa katika zege la maghorofa ya chini, na kila lori linaposhuka kilima kimepungua. Yafaa halmashauri ziamue mapema ni mawe yapi hayaguswi, hasa yale yanayoshikilia mengine, na ziwatengee wagongaji eneo nje ya makazi lenye barabara ya lori.

Ndugu zetu wa Kisumu na Kampala wataendelea kutuletea picha, nasi hatuwakatazi. Waheshimiwa madiwani wa Nyamagana na Ilemela tunawaomba jambo moja kabla hawajapitisha ramani nyingine ya majumba marefu. Siku moja waache magari yao chini, wapande kwa miguu hadi kileleni Igogo saa kumi na moja alfajiri, wakati wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wanateremka gizani kwa kushika mawe. Wahesabu vidato vinavyokosekana, watupe hesabu hiyo, nasi tutaichapisha katika ukurasa huuhuu.