Kiatu kisimkoseshe mtu shahada

Kila mwaka wahitimu kutoka Garissa, Wajir na Mandera hufunga safari kwenda katika vyuo vikuu wanakotarajia kusomea shahada za uzamili na uzamifu. Ziara hizo si za matembezi. Mwombaji hukutana na mhadhiri anayetumaini kuwa atamsimamia, hulitetea pendekezo lake la utafiti mbele ya idara, kisha huzungushwa maktabani na katika maabara. Huenda siku hiyo moja ikaamua miaka kadhaa ya maisha yake. Kwa hivyo msomaji asicheke tukisema kwamba leo tunataka kuzungumzia viatu.

Lipo wazo potovu lililokita mizizi miongoni mwa vijana wetu, na baadhi ya walimu wamelipalilia: kwamba anayekwenda kuonana na maprofesa sharti avae viatu vipya. Kijana hukopa pesa, akanunua jozi inayometameta, ngumu kama ubao, na kuivaa kwa mara ya kwanza alfajiri ya safari. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Aliyeketi garini saa nyingi katika joto, huku akishushwa kwenye vizuizi vya polisi ili kitambulisho chake kikaguliwe, aghalabu hufika miguu ikiwa imevimba. Kiatu kilichomtosha dukani sasa chambana. Anaposimama kueleza utafiti wake, nusu ya akili iko kwenye malengelenge ya kisigino. Profesa hayajui hayo. Aonacho ni mtu anayejibu kwa mkato na anayetamani kuketi.

Jozi mpya si lazima. Kiatu cheusi cha ngozi, kile kile cha shule ambacho kiwanda cha Bata cha Limuru kimewashonea watoto wa nchi hii tangu enzi za babu zao, chatosha kuingia nacho katika ofisi yoyote ya chuo kikuu, mradi kimepigwa rangi na fundi amekishona palipofumuka. Hata cha mtumba chafaa. Muhimu ni kwamba kiwe kimezoeana na mguu. Asiyekuwa nacho na anunue wiki mbili au tatu kabla, tena jioni, wakati mguu umetanuka, akiwa amevaa soksi zile zile atakazosafiri nazo. Kisha akivae mjini kila siku hadi kilainike. Njiani avae makubadhi yake na kiatu akitie mkobani. (Ni kinaya, bila shaka, kwamba kijana wa Garissa, mji wenye soko kubwa la mifugo, ahangaike kutafuta kiatu cha ngozi. Hilo tutaliandikia siku nyingine.)

Watakuwapo watakaouliza kwa nini asiingie ofisini na hayo makubadhi. Katika Kaskazini Mashariki wazee wa heshima na masheikh huyavaa mchana kutwa kwa sababu ya joto, wala hakuna anayewadharau. Wahadhiri wa Nairobi na Eldoret yafaa walielewe hilo, na wampime mwombaji kwa pendekezo lake. Hata hivyo, maabara nyingi haziruhusu mtu aingie miguu wazi, na sheria hiyo haina ubaguzi wowote: kemikali ikimwagika haichagui kabila.

Tena mabewa yenyewe hayafanani. Kenyatta, kule Kahawa, ni uwanja mpana ambao mgeni huweza kuutembea kutwa. Bewa kuu la Moi liko Kesses, nje ya Eldoret, penye baridi na mvua ambazo mtu wa Garissa hazitarajii. Soli nyororo ya ngozi humtelezesha kwenye tope, ilhali ya mpira hushika. Akina dada wanaovaa buibui wajihadhari na visigino virefu, ambavyo hunasa pindo la vazi ngazini. Na kwa anayejua kwamba adhuhuri itamkuta huko, kiatu kisicho na kamba humpunguzia kazi ya kuvua na kuvaa anapokwenda kutawadha na kuswali. Soksi nazo ziwe nzima!

Lawama haiwezi kuwaangukia vijana peke yao. Barua za mwaliko mara nyingi hutaja tarehe, saa na chumba, basi. Hazisemi kama mgeni atatembezwa kwa saa moja au saa nne, wala kama ataingia maabara. Idara zinazowaalika waombaji hazina budi kuongeza maelezo hayo. Ni mistari mitatu tu. Walimu wa Garissa waliokwisha kupitia ziara hizo nao wawaite vijana kabla ya kuondoka, wawaeleze habari za barabara, baridi na vilima, na wawatazame miguuni kabla hawajakata tikiti ya basi.